Mgongo wa Fundi Vioo

Simu ilipolia, Mama Pasi alikuwa ameinamia suruali ya mteja, anatafuta mkunjo ulipopotelea. Jina hilo alipewa na wateja wa dobi, likamganda mpaka hata mumewe nyumbani akawa anamwita hivyo. Namba iliyokuwa ikipiga hakuijua. Siku hizo namba asiyoijua ilimtia wasiwasi, maana wanaokutakia heri huwa umekwisha kuwaweka kwenye simu.

"Hapo ni kwa fundi vioo?" iliuliza sauti ya kijana. Ilikuwa sauti ya adabu sana, na ile adabu ndiyo iliyomwogopesha.

"Mimi ni mkewe. Simu ninayo mimi."

"Tunapiga kutoka bima, mama. Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, amelala."

"Amelala saa hizi?"

"Ni mgongo," alisema, akashusha sauti, kwa sababu tajiri wake mwenye duka alikuwa ameacha kupanga mashati ili asikie vizuri. "Akikaa sana unamkamata, akisimama sana unamkamata. Si ndiyo maana mnamlipa?"

"Ndiyo maana tulikuwa tunamlipa. Malipo yamesimamishwa kwanza. Tumepata taarifa kwamba mzee ni mzima, anatembea, anafanya na kazi za nyumbani. Aje Alhamisi asubuhi apimwe upya na daktari wetu. Akionekana anaweza kufanya kazi, faili linafungwa."

"Likishafungwa, tunafanyaje?"

"Likishafungwa limefungwa, mama. Siku njema."

Alibaki na simu sikioni, anaisikiliza ikiwa kimya. Kodi ya nyumba ilitoka kwenye malipo yale. Ada ya binti yao ilitoka mle mle, na dawa za Fundi pia. Ujira wa kupiga pasi ulitosha chakula tu, tena chakula cha kujibana. Harufu ya kitambaa kinachoungua ndiyo iliyomzindua. Suruali ya mteja ilikuwa na alama ya pasi, rangi ya chai, pale pale pa kukalia.

"Hiyo nakukata," tajiri alisema. Kisha akaona aongeze neno la huruma, kwa jinsi yeye alivyoijua huruma. "Na huyo mumeo, kweli hawezi hata kukaa mlangoni akauza chochote? Hata mimi mgongo unaniuma, na mbona nipo kazini?"

Mama Pasi aliikunja ile suruali iliyoungua. Kila mtu alikuwa na mgongo. Fundi angekatika mguu, watu wangeuona wakanyamaza. Lakini mgongo kila mtu anao, na kila mtu anadhani wa mwenzake ni sawa na wake.

*

Alimkuta Fundi sakafuni kama kawaida, amelala chali kwenye mkeka, miguu ameipandisha juu ya kiti. Mkao huo ndio uliompa nafuu. Mtu asiyejua angeingia akadhani ni mzee anayecheza na watoto.

"Nani kawaambia mimi mzima?" aliuliza alipokwisha kuelezwa. Hakukasirika. Fundi alikuwa mtu wa sauti ndogo.

"Ndicho ninachotaka kujua. Kuna mtu kapita hapa akauliza habari zetu, na kuna mtu kamjibu."

Hawakungoja sana. Wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, aliingia bila kubisha hodi, kwa sababu hodi aliiona ni ya wageni. Mwanamke huyu alikuwa na moyo mweupe na mdomo usio na mlango. Aliposikia habari ya mtu aliyepita kuuliza, macho yalimng'aa.

"Mwenye shati jeupe? Mpole hivi, na mkoba wa ngozi?"

Mama Pasi alikaa chini taratibu. "Wifi, ulimwona?"

"Nilimwona? Nilimkaribisha na maji! Kijana mtanashati, anauliza baba wa nyumba hii yukoje, afya yake ikoje, anajimudu? Nikajua tu. Nikasema moyoni, binti yetu kapata mtu, hawa wamekuja kupeleleza ukoo kabla ya kuleta posa."

"Ukamwambia nini?"

"Sasa wewe wifi, mtu wa posa unamwambia baba wa binti kalala chini na miguu juu ya kiti? Nikamwambia kaka yangu ni chuma. Nikamwambia juzi tu kapanda kiti kwa miguu yake akatundika pazia."

"Pazia nililitundika mimi!"

"Najua ulilitundika wewe! Lakini ningesema mwanamke ndiye anayepanda viti humu ndani, posa ingekuja kweli?"

Fundi aliangua kicheko pale chini. Kilimtoka kabla hajakizuia, kisha kikakatika ghafla. Akafumba macho, akabaki na tabasamu jembamba, ametulia kama aliyesikia mtu anamwita kwa mbali. Wifi akafurahi kwamba kaka yake hakukasirika, akacheka naye.

Mama Pasi hakucheka. Alilitazama lile tabasamu, na kitu kikampita moyoni ambacho hakukipenda. Anayeumwa kweli hucheka? Alikifukuza haraka, kama mtu anavyomfukuza nzi kwenye chakula cha mgeni, kabla mgeni hajamwona.

"Wifi, hilo shati jeupe lilikuwa la bima," alisema. "Umetufungia malipo."

Wifi alishika mdomo kwa mikono miwili, amechelewa. Alilia, akajitukana, akaapa kwenda huko bima kusema kuwa yeye ni mwongo anayejulikana mtaa mzima. Ilibidi wao ndio wambembeleze. Aliponyamaza alijifuta uso, akatoa shauri.

"Basi Alhamisi alie," alisema. "Fundi, kaka yangu, kalie huko. Wewe tatizo lako hulii. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini wewe hata kilio umekificha."

*

Kuanzia jioni ile nyumba iliingia woga. Mama Pasi alianza kuona mashati meupe kila mahali. Mtu akisimama muda mrefu ng'ambo ya barabara, alihesabiwa kuwa wa bima. Muuza mitumba aliyebisha mlangoni alifukuzwa kwa maneno ambayo hakuyastahili. Alimkataza Fundi kusimama dirishani, akamkataza kuwasalimia watu kwa sauti ya uchangamfu, akamkataza kucheka. Vyoo vilikuwa uani, mbele ya macho ya wapangaji wote, kwa hiyo safari ya choo nayo ikawa na masharti.

"Chechemea," alimnong'oneza kutoka mlangoni.

"Mguu hauna kitu. Ni mgongo."

"Wao watajuaje kama ni mgongo? Chechemea!"

Fundi akachechemea kwa mguu wa kulia. Aliporudi alikuwa anachechemea kwa wa kushoto. Mpangaji mmoja aliyekuwa akifua aliinua kichwa, akamtazama, akarudi kwenye beseni lake akitabasamu. Mama Pasi alitamani ardhi impasukie, lakini aliogopa zaidi kuacha.

Tatizo kubwa lilikuwa kile kipimo. Mtu mmoja wa karakana ya vioo alikofanyia kazi Fundi, aliyewahi kupimwa na daktari yule, aliwaambia kwamba wanakupa sanduku zito uliinue, uende nalo kifuani, ulishike. Wanaangalia utalishika mpaka wapi. Basi Mama Pasi alichukua ndoo, akaitia maji nusu, akaiweka mbele ya mumewe.

"Inua kidogo, halafu iachie. Useme, 'Aah, mgongo!' Iachie ianguke."

Fundi aliishika ndoo, akaiinua, akaitazama. Kisha akaiweka chini polepole, haikutoa sauti.

"Nimesema uiachie!"

"Maji yatamwagika."

"Yamwagike! Nitadeki mwenyewe!"

Alirudia. Mara hii alifika nayo magotini, vidole vikajaribu kufunguka, vikakataa. Akaishusha taratibu, chini yake ungeweza kuweka yai. Alijaribu tena na tena, jasho likamtoka kwenye nywele, na kila mara ndoo ilitua salama.

"Mama Pasi, sijui kuangusha," alisema mwishowe, kama anaungama jambo la aibu. "Sijawahi."

Na ni kweli hakuwahi. Kioo kikubwa hubebwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, na anayekiachia humkata mwenzake. Kabla mtu hajafundishwa kukata kioo hufundishwa kutokukiachia. Hata kupiga kelele hakuruhusiwi, kwa sababu ukipiga kelele aliye upande wa pili atashtuka, na akishtuka mtazikwa wawili. Ukichomwa na ukingo, ukibanwa kidole, unanyamaza, unatabasamu ili mwenzako asione kitu usoni kwako, unatembea mpaka pa kukiegemeza. Siku aliyoumia, mwenzake aliteleza kwenye ngazi. Fundi alikibeba kioo cha mlango wa duka peke yake mpaka chini, kikiwa kizima. Wenye duka bado wanakitumia.

Mama Pasi aliyajua yote hayo. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kodi ni kitu kingine. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya woga.

"Basi hata kuigiza huwezi? Nakuomba kitu kidogo tu. Ongeza chumvi, Fundi! Wenzako wote wanaongeza!"

Fundi alijifuta jasho. "Niongeze kwenye nini?" aliuliza.

Mama Pasi alidhani ni ubishi. Akachukua tambara, akaanza kudeki sakafu ambayo haikumwagikiwa na tone.

*

Chumba cha daktari wa bima kilikuwa na kitanda kimoja kilichofunikwa karatasi, mizani, na sanduku la mbao lenye vishikio viwili, limejazwa vyuma. Daktari alikuwa bado kijana, amechoka. Nje kwenye benchi walikuwa wamejaa watu wenye migongo, magoti na mabega, na kila mmoja alikuwa amekaa kwa namna ya kumshawishi mwenzake. Nesi alimwelekeza Mama Pasi kwenye kiti cha pembeni akamwambia asizungumze. Walikuwa wamekubaliana na Fundi kwamba Mama Pasi akikohoa, ndiyo wakati wa kuangusha.

"Liinue mpaka kifuani, mzee," daktari alisema. "Lishike mpaka nikwambie, au mpaka ushindwe."

Fundi aliinama. Alilichukua sanduku jinsi alivyochukua kila kitu maishani, kwa viganja kwanza, akanyanyuka nalo, akasimama. Daktari akatazama saa ya ukutani, akaandika. Fundi akasimama. Mama Pasi akakohoa.

Fundi akasimama. Lile tabasamu jembamba likamjia mdomoni.

Mama Pasi akakohoa tena, kwa nguvu, mpaka nesi akamletea maji. Aliyapokea bila kuyatazama, akayamwaga nusu mapajani. Anatabasamu! Mtu yuko mbele ya bima, amebeba vyuma, anatabasamu! Aliiona nyumba yao ikitolewa vitu nje kimoja kimoja, kiti, mkeka, pazia, na wapangaji wamesimama wanatazama. Alimwona binti amerudishwa na mkoba wake. Akamchukia Fundi, kwa dakika hiyo alimchukia kabisa, kwa ajili ya ule mdomo.

"Vizuri," daktari alisema. "Weka chini."

Sanduku likatua bila kishindo. Daktari aliinua nyusi, akaandika mistari kadhaa, na Mama Pasi alisikia kalamu ikikwaruza karatasi mpaka kwenye meno yake.

"Tunarudia mara moja, kuthibitisha."

Fundi aliinama tena. Alilishika sanduku, akalitoa sakafuni, akafika nalo magotini, na hapo akakwama. Hakupanda wala hakushuka. Kisha ikaanza sauti, chini kabisa, kama kabati zito linaloburutwa kwenye saruji, ikapanda, ikajaza chumba.

Hatimaye, Mama Pasi aliwaza. Hatimaye kaelewa! Moyo ulimruka kwa furaha. Haya, Fundi, hivyo hivyo, usiache. Alivuta mtandio akajiziba mdomo, kwa sababu alihisi anataka kucheka.

"Achia!" daktari alisema, amesimama. "Mzee, achia sanduku!"

Hakuliachia. Daktari na nesi walilazimika kumbandua vidole kimoja kimoja, na sanduku lilipotoka mikononi mwake, Fundi alienda chini kwa magoti, kisha kwa kifua. Sasa alikuwa analia, kilio cha mdomo wazi, mate na machozi pamoja, shavu limebanwa sakafuni. Daktari alipiga magoti kando yake akaomba sindano. Nje, benchi zima lilinyamaza.

Anazidisha sasa, Mama Pasi aliwaza. Basi, Fundi, imetosha, wameshaona. Alimkodolea macho ya kumwashiria. Lakini Fundi hakumwangalia, na kilio hakikusimama mpaka dawa ilipoingia.

Baadaye daktari alimvuta Mama Pasi pembeni. "Huyu hapaswi kubeba kitu, mama. Naandika hivyo leo hii. Malipo yataendelea." Kisha akamgeukia Fundi, aliyekuwa ameketishwa ukingoni mwa kitanda. "Mara ya kwanza mbona hukusema kama unaumia?"

"Ulisema nishike, daktari," Fundi alisema.

*

Waliruhusiwa kupumzika kwenye korido mpaka miguu ya Fundi ipate nguvu. Mama Pasi alikuwa mwepesi kama aliyetuliwa gunia. Kodi ipo. Ada ipo. Alimwegemea mumewe sikioni, akamnong'oneza huku anacheka, na machozi ya nafuu yanamtoka.

"Wewe mwanamume ni hatari! Nilikudharau bure. Umelia mpaka hata mimi nilikaribia kuamini!"

Fundi aligeuza kichwa taratibu. Uso wake ulikuwa bado umelowa.

"Kuamini nini?"

Mama Pasi alifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshatoka, na lilikuwa pale kati yao kwenye benchi, watu wanapita.

"Kuamini nini, Mama Pasi?"

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye alikuwa akikilalia kitanda hicho hicho, kila siku, bega kwa bega. Sauti iliyosikika mle ndani ilikuwa ya kweli. Alikuwa ameisikia nayo ikamfurahisha.

Waliondoka kwa gari la kukodi, Fundi amelala kiti cha nyuma. Wifi alikuwa anawangoja mlangoni, akasoma habari njema kwenye miguu ya kaka yake iliyokuwa ikiburuzwa, akapiga kigelegele. Alipoona hakuna anayeitikia, alikikata katikati, akaenda kwake bila kuaga. Huenda ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kuondoka mahali bila kusema neno.

Ndani, Mama Pasi alimsaidia Fundi kushuka mkekani. Mara hii hakulala chali. Alilala kifudifudi, shati limepanda.

"Weka mkono hapa," alisema, uso wake umeelekea ukutani.

"Wapi?"

"Hapa. Juu ya mkanda."

Alipiga magoti. Tangu mumewe aumie, alikuwa amempikia, amemfulia, amemfunga kamba za viatu, amempeleka chooni siku mbaya. Mgongo wenyewe hakuwahi kuugusa. Aliunyoosha mkono, akasita, akauweka. Nyama ilikuwa ngumu kama ubao, tena ya moto. Na chini ya ugumu huo kitu kilikuwa kinarukaruka chenyewe, kinaacha, kinarukaruka tena, wakati mtu amelala, amenyamaza, hafanyi lolote.

"Umekikuta?"

"Nimekikuta."

"Hakijawahi kulala tangu siku ile," Fundi alisema kwa sauti yake ndogo. "Mbona hukuwahi kunigusa?"

"Nilikuwa naogopa."

"Kuniumiza?"

Jibu hilo lilikuwa limewekwa tayari mbele yake, zuri, la mke mwema. Yeye mwenyewe alikuwa amelitumia muda wote huo, kila alipouona ule mgongo ukigeuka kitandani. Ilibaki alitamke tu, na huenda wangeishi nalo mpaka uzeeni. Alihisi woga ambao simu ya bima haikuwahi kumpa.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa naogopa nisikute kitu."

Kiganja chake kilikuwa bado mgongoni mwa Fundi, na chini yake kile kitu kikaendelea kurukaruka. Mama Pasi akangoja aambiwe auondoe mkono, na Fundi hakumwambia.